Njia ya Kifusi Hadi Mtambwe

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: "Akikujia mgeni mwenye baiskeli, utampitisha njia gani ya kwenu?" Mimi ni fundi baiskeli hapa Wete, kisiwani Pemba, na wageni wa namna hiyo hunijia kweli, mara nyingi wakiwa wanaikokota badala ya kuipanda. Jibu langu ni moja. Nitamtoa Chake Chake baada ya sala ya alfajiri, nimpitishe njia kongwe ya milimani, kisha nimwingize njia ya kifusi inayoshuka Mtambwe mpaka pwani. Wete ataingia kwa mtumbwi.

Najua wengi watawaandikia msitu wa Ngezi, na hawatakuwa wamekosea. Ukitoka Konde ukaingia msituni, joto linakatika papo hapo. Mivule imefunga juu, chini kuna mipapindi, na jioni unaweza kuwaona popo wa Pemba, wale wakubwa wenye manyoya ya rangi ya kutu, ambao duniani kote wako kisiwani kwetu tu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikuwa wamebaki maelfu machache kwa kuwindwa. Wakaongezeka kwa sababu vijiji viliamua kuwalinda. Mbele ya msitu kuna Vumawimbi, na mchanga wake hauhitaji sifa zangu. Lakini Ngezi imo kwenye kila ramani ya watalii, mgeni ataifikia mwenyewe. Njia ya Mtambwe hataijua asipopata wa kumwonyesha.

Asiyeijua Pemba hudhani kisiwa ni tambarare. Hapa hakuna kilima kinachofika hata mita 150, ila vilima havina mwisho. Vijito vimeuchimba udongo miaka na miaka, ukapanda ukashuka, ukapanda tena. Nyumba na njia ziko mgongoni mwa kilima, mikarafuu na minazi iko ubavuni, na chini kabisa ni bonde la mpunga. Ukishuka unapita vyote hivyo kwa dakika mbili, ukipanda unavipita tena kwa robo saa. Bondeni kuna ubaridi na harufu ya tope la mpunga, chura wanalia, watoto wanafukuza ndege. Kufika juu unakutana na upepo wa bahari, na mkono wa bahari wenyewe unauona kule chini ukimetameta katikati ya mikoko. Kuna vilima ambavyo hata mimi nashuka nikakokota. Wazee wetu walikokota baiskeli zao na mkungu wa ndizi juu ya keria, sioni kwa nini mtu mwenye begi dogo aone haya.

Mgeni niliyempitisha huko mara ya kwanza alikuja kwangu kwa sababu ya tairi. Baiskeli yake ilikuwa ya aina hii mpya inayotengenezwa kwa ajili ya njia za kifusi: usukani umepinda kama pembe za kondoo dume, tairi pana kiasi cha milimita 40, breki za sahani, na ndani ya tairi hakuna tyubu, bali majimaji meupe yanayoziba tundu yenyewe. Tundu dogo, lakini. Yeye alikuwa amechanwa ubavuni na jiwe la tumbawe, mpasuko wa urefu wa kidole gumba, na yale majimaji yote yalikuwa yamemwagikia njiani.

Nikamwambia tutie tyubu. Tyubu ya Phoenix ya inchi 28 inaingia vizuri kwenye rimu ile. Tatizo likawa valvu: tundu la rimu yake lilikuwa jembamba, valvu yetu nene haipiti. Nikashika tupa ya mviringo mkononi, nikamtazama. Sikutaka kuichokoa rimu ya watu ya thamani ile bila idhini. Akasema, "Fundi, panua." Nikalipanua taratibu, nikipuliza vumbi la chuma kila baada ya mikwaruzo mitatu, mpaka valvu ikapita bila kulazimishwa. Kisha nikaushona mpasuko kwa uzi wa nailoni, ndani nikabandika kipande cha tairi kuukuu nilichokichonga kikawa chembamba pembeni ili kisije kuikwaruza tyubu. Tairi hilo lilimaliza safari yake yote ya Pemba. Kazi ile naionea fahari hadi leo.

Naye alinifundisha jambo. Nilipokuwa napiga bomba alinishika mkono mapema sana, tairi bado laini. Sisi tumezoea kujaza upepo mpaka tairi liwe gumu kama jiwe, kwa sababu tunabeba magunia, na tairi laini chini ya gunia linaibana tyubu na kuitoboa. Yeye hakuwa na mzigo. Upepo mdogo unaliacha tairi lilale juu ya kokoto badala ya kurukaruka, na kwenye mteremko wa udongo mwekundu breki zinashika. Siku hizi nikienda bila mzigo napunguza upepo, na mgongo wangu umeshukuru.

Siku tuliyokwenda Mtambwe ilikuwa msimu wa karafuu, wakati wa vuli. Kando ya njia majamvi yametandikwa nyumba hadi nyumba, karafuu nyingine mbichi zenye kijani na wekundu, nyingine zimeshageuka kahawia. Harufu yake hata mimi niliyezaliwa ndani yake huisikia upya ninapopita kwa baiskeli, maana kwenye gari huipati. Tulikuwa juu ya kilima wingu lilipotanda ghafla. Bibi mmoja alikuwa peke yake na majamvi manne. Akapiga ukelele, "Wanangu, nishikieni pembe hiyo, karafuu zinarowa!" Nilikuwa bado natafuta mahali pa kuegesha, mgeni alishaitupa baiskeli yake majanini, yuko kwenye pembe ya jamvi. Hakuelewa hata neno moja, lakini alielewa. Tukakunja, tukabeba, tukaingiza barazani, na jamvi la mwisho lilipata matone tu. Mvua ikapiga nusu saa. Bibi akatupa chai ya mchaichai na muhogo wa kuchemsha, akamuuliza mgeni habari za wazee wake mmoja mmoja, mimi nikifasiri. Huko kwenye lami, ambako magari ya abiria yanakupitia karibu ya kukugusa bega, jambo hilo lisingetokea.

Kuna mashindano makubwa ya njia za namna hii siku hizi. Kenya walianza ya kwao mwaka 2021, Maasai Mara. Mwendesha baiskeli Suleiman Kangangi wa Kenya, aliyefariki mwaka 2022 kwenye mashindano ya kifusi huko Vermont, Marekani, alikuwa akihangaika ili vijana wa Afrika Mashariki wapate nafasi katika mchezo huu. Mungu amrehemu. Mimi nawaona vijana wa Mtambwe wanavyopanda vilima vile na madumu ya maji kwenye baiskeli zisizo na gia, na moyo unaniuma kwamba hakuna aliyewahi kuwapima kwa saa.

Mwisho wa njia ni pwani, na ng'ambo unaiona Mtambwe Mkuu. Hapo ndipo mwaka 1984 zilipofukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000, na chache za dhahabu, za karibu miaka elfu moja. Maji yakipwa watu huenda kwa miguu. Sisi tulikuwa tunataka Wete, kwa hiyo tulingoja mtumbwi chini ya mti wa mkungu. Nahodha aliiangalia ile baiskeli, akasema gurudumu la mbele litoke. Tukalitoa, fremu tukailaza juu ya magunia ya muhogo, gurudumu akalipakata mgeni mwenyewe kama mtoto.

Kwa hiyo atakayeifuata njia hii aulize habari za maji kujaa na kupwa tangu Chake, kabla hajatoka. Masika asiende kabisa, tope litamjaa kwenye breki. Na akifika pwani maji yameshakimbia, hasa siku za bamvua, yanapopwa kupita kawaida, mtumbwi utakuwa umesimama mbali, naye ataibeba baiskeli begani katikati ya mikoko, matope ya magoti, mpaka aufikie.