Maswali Yenu: Hema la Turubai, Kamba za Katani na Blanketi la Sufu

SWALI: Nimeshonewa hema la turubai la pamba hapa mjini. Tulipolala msitu wa Kakamega maji yalidondoka kwenye mishono, na pia pale mtoto alipoegemea kitambaa. Fundi ashikilia kuwa kazi yake ni safi. Nimrudishie? – Mama wa watoto wawili, Nakuru

JIBU: Usimrudishie kwanza, mama. Turubai jipya la pamba huvuja hadi lizoee maji. Uzi wa pamba ukilowa hufura, na kufura huko ndiko kunakoziba vitundu vya kitambaa. Lisimamishe uani, limwagie maji lilowe chepechepe, kisha liache likauke likiwa bado limesimama. Rudia mara 2 au 3.

Sasa angalia mishono. Ikiwa fundi alitumia uzi wa poliesta, uzi huo haufuri, na kila tundu la sindano hubaki wazi. Sugua kipande cha nta ya nyuki juu ya mshono upande wa nje, funika kwa karatasi, pitisha pasi ya moto wa wastani. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi za Selsiasi, kwa hivyo pasi kali haihitajiki. Wako wanaoilainisha nta kwa petroli au mafuta ya taa: tafadhali usithubutu, hema hilo linalaliwa na watoto.

Kuhusu kuegemea: turubai likiwa limelowa, ukiligusa kwa ndani maji hufuata mguso. Tone likianza, weka kidole hapo ukiteremshe hadi chini ya ukuta. Maji yatashuka kwa njia hiyo badala ya kudondoka kitandani.

Usilifue kwa sabuni ya unga, kwa maana mabaki yake huyapa maji njia. Brashi na maji matupu yatosha. Tena usilihifadhi likiwa na unyevu, hasa mvua za Machi hadi Mei. Kuvu hula pamba yenyewe, na penye madoa meusi ndipo litakapochanika.

SWALI: Kamba zangu za katani ziling'oa vigingi usiku wa mvua, na upepo haukuwapo. – Kijana wa Bungoma

JIBU: Katani ikilowa hufupika. Kabla ya kulala, au wingu likitanda, legeza kila kamba kidogo. Asubuhi jua likiikausha, ikaze tena. Tumia kijiti chenye matundu mawili cha kukazia, maana fundo lililolowa halifunguki kwa vidole.

SWALI: Nitajuaje blanketi la mtumba pale soko la Kibuye ni sufu kweli? Na mkeka wa mafunjo watosha chini? – Msomaji, Kisumu

JIBU: Mwombe muuzaji uzi mmoja, uuchome mbali na bidhaa zake. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalovunjika. Ya plastiki huyeyuka ikawa punje ngumu.

Mikeka ya Dunga, hapo ufukweni Kisumu, ni mizuri, kwani bua la mafunjo lina hewa ndani. Tandika miwili, na kama una mablanketi matatu, mawili yaende chini: baridi ya ardhini ndiyo inayoamsha watu. Lakini mafunjo hunywa maji, basi tanguliza kipande cha turubai kuukuu. Mkeka ukilowa, usimamishe wima upepo upite pande zote. Ukilazwa, hushika kuvu na mabua huanza kukatika.