Kabla hujatengeneza programu ya kusomea vitabu, panda daladala la Mbagala

Shangazi yangu anauza vitenge Kariakoo na anakaa Mbagala Rangi Tatu. Asubuhi akibahatika siti ya dirishani, foleni ya Barabara ya Kilwa inampa karibu saa nzima ya kusoma. Ndiyo maana programu yangu ilipokuwa tayari, yeye ndiye niliyemfuata kwanza. Nikaiweka kwenye simu yake, Tecno ya zamani yenye memori ya GB 1, nikamwekea na riwaya moja, nikarudi zangu Sinza kifua mbele. Nilikuwa nimemaliza miezi minne nikihangaika kurasa zijikunje kama karatasi ukizifunua kwa kidole.

Siku ya tatu akanipigia. Hata shikamoo yangu aliiitikia nusu.

"We mwanangu, hiki kitabu chako kina usahaulifu gani? Kila mteja akinipigia, nikirudi nakikuta kipo ukurasa wa kwanza. Mimi nilishafika kwenye harusi, chenyewe kinanirudisha bibi harusi hajazaliwa!"

Vijana kadhaa wameniuliza waanzie wapi kutengeneza programu ya kusomea kwenye simu, na jibu langu linaanzia kwenye simu hiyo ya shangazi. Kazi ya kwanza ya programu ya kusomea ni kukumbuka msomaji alipoishia. Ukishindwa hapo, hayo mengine ni mapambo.

Kilichotokea ni hiki. Msomaji akipokea simu, programu yako inasukumwa nyuma. Memori ikibana, na kwenye GB 1 inabana kila saa, Android inaiua kimyakimya ili ipate nafasi. Mimi nilikuwa nahifadhi ukurasa kwenye onDestroy, sehemu ya msimbo inayoitwa programu inapofungwa kabisa, nikiamini kila programu huagwa vizuri kabla ya kufa. Haiagwi. Mfumo haukuahidi kupita hapo. Hifadhi kwenye onPause, inayoitwa mara programu inapoanza kuachwa, au bora zaidi kila ukurasa unapofunuliwa. Ni namba mbili tatu tu unaandika, simu haichoki.

Nikarekebisha, nikajipongeza, nikakuta kosa la pili limejificha chini ya la kwanza. Nilikuwa nahifadhi namba ya ukurasa. Shangazi anavaa miwani, na siku akiisahau nyumbani anakuza herufi. Herufi zikikua, kitabu kile kile kinakuwa na kurasa nyingi zaidi. Alichokiacha ukurasa wa 112 sasa kiko ukurasa wa 163. Kwenye simu namba ya ukurasa ni kivuli, inabadilika na jua. Hifadhi sura, namba ya aya, na idadi ya herufi tangu aya ianze. Kisha ongeza maneno matano au sita ya pale alipoishia, kwa sababu kuna siku utasahihisha makosa ya chapa, utaongeza aya moja, na hesabu yote itahama. Ukiwa na yale maneno, programu inaweza kuyatafuta yenyewe jirani na pale. EPUB, aina ya faili la vitabu vya kidijitali, ina utaratibu wake rasmi wa anwani za namna hii, unaitwa CFI. Utaufikia baadaye, usijitie presha nao wiki ya kwanza.

Na kama shida yako ni kusoma tu, usitengeneze chochote. Pakua ReadEra, Librera, Moon+ Reader au FBReader, zipo na zinafanya kazi. Google Play Books nayo inakubali upakie mafaili yako mwenyewe ya EPUB na PDF, na alama ya ulipoishia inaifuata akaunti yako hata ukibadili simu. Hilo si dogo kwa mkazi wa mji ambao simu inaweza kukuaga ukiwa unapanda gari. Hata wewe unayetaka kutengeneza, tumia mbili kati ya hizo mwezi mzima kabla hujaandika mstari wa kwanza. Zitumie ukiwa umesimama, mkono mmoja umeshika bomba. Utagundua mwenyewe kitufe kipi hakifikiwi na kidole gumba.

Sasa mafaili. Wengi wetu usomaji wa simu tumeujua kupitia PDF za magrupu ya WhatsApp. PDF ilitolewa na Adobe mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kila mahali, kwenye kompyuta yako, kwangu, kwenye printa. Kwa mwenye stationery hiyo ni baraka. Kwenye kioo cha inchi tano unakuza ukurasa, unauburuta kulia, unaurudisha kushoto, mstari hadi mstari, kama mtu anayefagia uwanja. EPUB maandishi yake yanatiririka kufuata upana wa kioo. Ukitaka kuielewa, chukua faili moja la EPUB kwenye kompyuta, badilisha mwisho wa jina kutoka .epub kuwa .zip, ulifungue. Ndani utakuta sura zimeandikwa kwa XHTML, yaani kurasa za wavuti za kawaida, pamoja na faili linalotaja sura ipi inafuata ipi. Basi. Mimi siku nilipofungua hilo furushi ndipo woga wote ulipoisha.

Angalia na uzito. Riwaya ya kurasa 300 ina maneno kama 80,000. Herufi zetu za Kiswahili kila moja inakula baiti moja, kwa hiyo maandishi yote hayo hayazidi sana nusu MB, na yakishabanwa ndani ya EPUB yanapungua zaidi. Kitabu hichohicho kikipigwa picha ukurasa kwa ukurasa kinafika makumi ya MB kwa urahisi. Mtu wa bando la siku akiona makumi ya MB anasema atapakua akipata wifi, na hiyo wifi ndiyo imetoka.

Kwa habari ya bando, toleo langu la kwanza lilikuwa linavuta fonti kutoka intaneti kila linapofunguliwa. Nyumbani sikuligundua, wifi ilikuwa inanibeba. Rafiki yangu akalifungua kwenye kivuko cha Kigamboni, bando limekata, akaona kioo cheupe tangu Kivukoni mpaka ng'ambo. Fonti iwe ndani ya programu, na kitabu kikishapakuliwa kisiulizwe tena intaneti. Jaribu kila toleo ukiwa umezima data. Kila toleo.

Hapa nakaa kidogo, kwa sababu mafunzo mengi ya mtandaoni hayaligusi: Kiswahili chenyewe.

Wachapaji wanapenda mistari inyooke pande zote mbili, na kwenye karatasi inapendeza. Kwenye simu mstari unabeba maneno manne au matano. Likija neno kama "yatakayowawezesha" halienei, linasukumwa mstari wa chini, na maneno matatu yaliyobaki yanatawanywa kama abiria wachache ndani ya basi tupu. Sisi tunaipachika sentensi nzima ndani ya kitenzi kimoja, kwa hiyo matundu hayo utayaona kila ukurasa. Dawa rahisi ni kunyoosha upande wa kushoto tu, kulia paache pawe na meno. Kuna dawa ya pili kwa wasioridhika. Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, hivyo unaweza kuandika programu ndogo inayopachika kistari kisichoonekana baada ya irabu, ile alama ambayo kompyuta inaitambua kwa namba U+00AD, simu ikijua inaweza kulikata neno hapo: ya-ta-ka-yo-wa-we-ze-sha. Mimi nilifanya hivyo, kurasa zikapendeza mno, na asubuhi yake sehemu ya kutafuta maneno ikawa imekufa. Vile vistari vilikuwa ndani ya maneno. Macho hayavioni, kompyuta inaviona. Viondoe kwanza kabla ya kulinganisha maneno.

Halafu kuna ng'ombe. Nilipata malalamiko kwamba kitabu cha ufugaji, ukitafuta "ng'ombe", programu inajibu hakuna. Kitabu cha ufugaji! Kumbe ile alama ya juu ina sura mbili. Kibodi ya simu inaandika iliyonyooka, U+0027. Mwandishi aliyechapa kwenye Word aliwekewa iliyopinda, U+2019, bila hata kuombwa. Kwa msomaji ni ng'ombe yuleyule, kwa kompyuta ni wanyama wawili. Kabla ya kutafuta, zigeuze zote ziwe aina moja, ndani ya kitabu na kwenye alichoandika msomaji. Kazi ya dakika kumi ambayo ilinichukua wiki kuijua, na bado kuna programu kubwa za nje zinajikwaa hapo.

Kuhusu kamusi ya kugusa neno, usiahidi mapema. Msomaji ataligusa "walivyotusomea" na kamusi yako inajua "soma" tu. Kumvua kitenzi cha Kiswahili nguo zake zote mpaka ubaki na mzizi ni mradi unaojitegemea.

Rangi nazo zilinitia aibu. Nilikuwa nachora muundo usiku chumbani, nikachagua maandishi ya kijivu juu ya kijivu hafifu, ya kistaarabu. Saa saba mchana mtaa wa Msimbazi hakuna lililosomeka. Mwongozo wa WCAG, ule wa kimataifa wa kufanya wavuti isomeke na watu wote, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma kwa uwiano usiopungua 4.5 kwa 1, na vipimo vya bure vya kukagua vipo mtandaoni. Ila kipimo changu siku hizi ni kutoka nje, kusimama juani, kusoma aya moja bila kukunja uso.

Swali la utumie lugha au zana gani ya kuandikia programu linapendwa kuliko linavyostahili. Kotlin, Flutter, hata ukurasa wa wavuti uliohifadhiwa kwenye simu, vyote vitakufikisha. Nililojutia ni kuandika mwenyewe mtambo wa kusoma EPUB kutoka sifuri kwa sababu ya ubishi tu, wakati Readium na epub.js zipo, za bure, na msimbo wake uko wazi. Anayelenga watoto aangalie pia programu zilizoshindana kwenye XPRIZE ya Global Learning, shindano la kimataifa la programu za watoto kujifunzia kusoma, kuandika na kuhesabu. Zilijaribiwa kwa Kiswahili mkoani Tanga, karibu watoto 3,000 katika vijiji 170, na mwaka 2019 Kitkit School na onebillion zikagawana ushindi. Msimbo wake uliachwa wazi kwa yeyote. Kazi iliyofanyiwa hapa hapa kwetu, halafu tunaenda kuanza upya.

Vitabu vya kujaribia utavipata kwenye tovuti ya African Storybook, hadithi nyingi za watoto za Kiswahili zenye leseni inayokuruhusu kuzitumia mradi umtaje mwenye kazi. Usipige picha riwaya ya mtu ukaipachika ndani eti ni majaribio. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufariki. Mimi nilimfuata mwandishi mwenyewe, tukanywa chai, nikamwonyesha kitabu chake kikiwa kwenye simu. Alikubali chai haijapoa.

Na usiombe ruhusa za majina ya simu, mahali alipo, sijui kamera. Programu ya kusomea haina kazi nazo. Mruhusu msomaji achague faili kupitia kichaguzi cha simu yenyewe na hutahitaji ruhusa yoyote. Tangu tarehe 1 Mei 2023 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, na taarifa usiyoikusanya haitakuletea kesi.

Ukifika kwenye Google Play utalipa dola 25 mara moja tu (Apple ni dola 99 kila mwaka, nimeiacha kwanza). Kisichotajwa sana ni kwamba akaunti mpya ya mtu binafsi lazima iwe na wajaribu wasiopungua 12 waliojiunga mfululizo kwa siku 14 kabla hujaruhusiwa kuiweka hadharani. Kumi na wawili ni wachache ukiwahesabu kijiweni. Siku ya tisa mmoja akajitoa kwa sababu simu imejaa na anataka kupakua mpira, mwingine simu ikaibiwa, nikabaki na kumi na hesabu ikavurugika. Kusanya ishirini. Walio radhi kukwambia ukweli wape uzito zaidi ya wanaokutumia vidole gumba.

Shangazi hanitumii vidole gumba. Riwaya ile aliimaliza, akaomba nyingine, na Jumapili iliyopita nilipokwenda Mbagala alinipokea na shauri jipya. Jioni mjukuu wake wa darasa la sita anaichukua simu na kusoma kitabu hichohicho, na kwa vile programu sasa inakumbuka vizuri sana, asubuhi shangazi anakuta imemkumbuka mjukuu. "Yule mtoto kanipita sura tatu," akasema, "na kaniambia nani anakufa." Wiki hii natengeneza alama mbili kwenye kitabu kimoja, kila mmoja na rangi yake. Shangazi ameshachagua ya zambarau.