Wasomaji wauliza: Tunakwenda Katumba kujitolea, tujiandae vipi?

Likizo ya Juni inakaribia, na vikundi kadhaa vya Nyanda za Juu Kusini vimetuandikia kuhusu safari ya kujitolea katika makazi ya Katumba, mkoani Katavi. Tumeweka pamoja maswali yanayojirudia.

Tuko vijana 24 wa usharika. Tumechangishana mablanketi, nguo na unga kwa ajili ya wakimbizi wa Katumba. Barua ya kuomba ruhusa tumwandikie nani?
*Katibu wa vijana, Mwanjelwa, Mbeya*

Kabla ya barua, ndugu katibu, rekebisheni jambo moja. Wakazi wengi wa Katumba si wakimbizi tena. Wazee wao waliingia kutoka Burundi mwaka 1972, wakapewa ardhi Katumba, baadaye na Mishamo, na wengine Ulyankulu mkoani Tabora. Mwaka 2007 waliulizwa kama wanataka kurejea Burundi au kuomba uraia. Zaidi ya 162,000 walikubaliwa kuwa raia, na vyeti vyao vikaanza kugawiwa mwaka 2014. Vijana mtakaowakuta wamezaliwa hapo na kusoma shule zilezile za mitaala yetu. Mkishuka na bango la "Msaada kwa Wakimbizi", mtakuwa mmewavunjia heshima wenyeji wenu kabla hata hamjasalimiana.

Barua iende kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri ya Wilaya ya Nsimbo, nakala kwa Mkuu wa Wilaya ya Mpanda na kwa mtendaji wa kata mnayokwenda. Ambatanisheni majina na namba za NIDA, tarehe za kufika na kuondoka, kazi mtakayofanya, mtakapolala na namba ya gari. Ulizeni ofisi ya mkuu wa wilaya kama barua ipitie pia kwa mkuu wa makazi, aliye chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Mkibadili mawazo mkaenda Mishamo, andikeni upya, kwa sababu Mishamo iko Wilaya ya Tanganyika na barua ya Nsimbo haitawasaidia. Nyarugusu, mkoani Kigoma, ni kambi hasa. Huko huingii bila kibali kutoka Idara ya Huduma kwa Wakimbizi ya wizara hiyohiyo, kwa hiyo anzeni kufuatilia angalau miezi miwili kabla.

Mablanketi yaacheni. Katumba hakuna baridi kama ya Makete. Unga nao ni wa nini kwa watu wanaolima mahindi? Mpigieni simu mtendaji wa kijiji, mwombeni akae na halmashauri ya kijiji na walimu wakuu, kisha awatajie mambo matatu kwa mpangilio wa uzito. Fanyeni la kwanza tu, mlimalize. Vikundi vingi huharibu kwa kugusa mambo matano ndani ya siku tatu na kuacha yote nusunusu.

Shule moja ya Katumba imetuomba tukarabati madawati 20. Fremu za chuma ni nzima, mbao ndizo zimekufa. Tununue mbao huku Mafinga? Tunahitaji kiasi gani?
*Mwalimu, Mafinga*

Mwalimu, ombi la namna hii ndilo zuri, maana linahesabika. Dawati la wanafunzi watatu huwa na urefu wa futi 4, lakini mwombeni mkuu wa shule apime fremu zote na kuwatumia vipimo, kwa sababu madawati ya shule moja mara nyingi yametoka kwa mafundi tofauti. Kama ni futi 4 kweli, ubao mmoja wa 1x8 wenye futi 12 unatosha dawati moja: vipande viwili juu, kimoja cha kukalia. Chagueni mbao zinazozidi futi 12 kwa inchi moja hivi, kwani msumeno nao hula. Madawati 20 ni mbao 20. Nunueni 23, maana zitapatikana zenye vifundo vibaya na zitakazopasuka.

Msitumie misumari. Kila kipande kishikwe na bolti nne za milimita 6, yaani bolti 12 kwa dawati na 240 kwa madawati yote. Chukueni 260, pamoja na nati na washa zake. Ubao wa inchi moja juu ya bomba la inchi moja unataka bolti ya inchi mbili na nusu, ili nati ipate pa kushika. Kichwa kiwe cha mviringo na kizame kwenye ubao, la sivyo kitachana sare za watoto. Toboeni kwanza kwa drili, tundu la kwanza likae inchi moja na nusu kutoka mwisho wa ubao. Msonobari ukitobolewa karibu na ncha hupasuka siku hiyohiyo.

Kinachoharibu kazi hii kuliko yote ni mbao mbichi. Mbao zilizotoka juzi kwenye mashine za kupasulia za Mufindi bado zina maji mengi. Zikifika joto la Mpanda husinyaa na kupinda, bolti zinalegea, na baada ya muhula mmoja dawati linacheza. Nunueni mbao zilizokaa wiki kadhaa kivulini, zikiwa zimepangwa kwa vijiti katikati ili hewa ipite. Ziwe zimetiwa dawa pia, maana mchwa wa Katavi hawana huruma na msonobari.

Mbao za Mafinga mtazipata kwa bei nzuri, ila msizipakie bila risiti na hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ile TP ya TFS, Wakala wa Huduma za Misitu. Bila hiyo mtazuiwa kwenye kizuizi cha barabarani na gari zima. Kwa mbao 23, ushauri wetu ni mlinganishe kwanza na bei ya Mpanda mjini ukijumlisha usafiri. Na kwa vyovyote mchukueni fundi wa Katumba, mumlipe ujira wake kamili. Ninyi mtaondoka, yeye atabaki karibu na madawati hayo. Mwachieni mkuu wa shule spana mbili za namba 10 na bolti zilizosalia, akaze nati kila mwanzo wa muhula.

Sisi ni kikundi cha kina mama wakulima wa viazi. Tumeona tuwapelekee wenzetu magunia kumi ya mbegu.
*Mama mkulima, Tukuyu*

Mama yetu, nia yenu tunaiheshimu sana, lakini tunawaomba msipeleke. Viazi mviringo hupenda baridi ya Uporoto na Njombe. Katumba iko chini zaidi, na kwenye joto mmea hutoa majani mengi na viazi vichache. Kubwa zaidi ni mnyauko bakteria. Kiazi kinaweza kuonekana kizima kumbe kimebeba ugonjwa, nao ukishaingia shambani hukaa udongoni miaka mingi. Hushambulia pia nyanya na tumbaku, na tumbaku ni zao la fedha la kaya nyingi za huko. Kama wameomba mbegu, nunueni Mpanda mbegu ya mahindi au maharage yenye lebo ya TOSCI, taasisi inayothibitisha ubora wa mbegu, wachague aina wenyewe.

Kamwene! Tunatoka Iringa kwa Coaster ya kukodi. Tulale wapi, na malaria je?
*Mwanachuo, Iringa*

Kamwene. Msijaribu kumaliza njia kwa siku moja. Iringa hadi Mbeya ni zaidi ya kilomita 300, na kutoka Mbeya kupitia Tunduma na Sumbawanga hadi Mpanda ni kama 560 nyingine. Laleni Mbeya, na Tunduma mpite asubuhi, kabla foleni ya malori haijashona barabara. Siku ya pili mkichelewa, laleni Sumbawanga, msiingie Hifadhi ya Katavi jioni, wanyama wanavuka barabara. Ndani ya hifadhi fungeni madirisha kwa ajili ya mbung'o, na msivae bluu iliyokoza wala nyeusi, rangi zinazowavuta. Mwenye gari aoneshe kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, cha kukodishwa nje ya njia yake.

Kuhusu malaria, watu wa nyanda za baridi ndio wa kuangalia zaidi, kwa sababu miili yao haijazoea kuumwa nayo mara kwa mara. Mpanda iko kiasi cha mita 1,100 tu juu ya usawa wa bahari, na mbu wapo hata Juni. Kila mmoja abebe chandarua chenye dawa na kamba mita nne, kwani vyumba vingi havina pa kukifunga. Mjamzito azungumze na daktari kabla ya kuamua kwenda. Dalili huanza siku 7 au zaidi baada ya kuumwa na mbu, hivyo wengi huugua wakiwa wamesharudi nyumbani. Homa yoyote ndani ya miezi mitatu baada ya safari, nendeni kupima siku hiyohiyo na mmwambie mhudumu kuwa mlikuwa Katavi. Asipojua anaweza kudhani ni mafua ya baridi ya Iringa.

Picha za watoto turuhusiwe na nani?
*Katibu wa kikundi, Makambako*

Mzazi au mlezi, kwa maandishi, na mkuu wa shule ajue. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inalinda faragha ya mtoto, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu picha pia. Kwa ripoti ya wachangiaji, picha za madawati yaliyokamilika, risiti na barua ya kupokea kazi iliyosainiwa na mkuu wa shule zinatosha kabisa.