Mchoraji Aliyetengeneza Filamu Bila Kamera

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mchoraji wa Tingatinga, nafanyia kazi Oysterbay. Kila ninapoeleza hamu yangu ya kutengeneza filamu, naambiwa niweke brashi chini na kutafuta kwanza fedha za kamera. Je, yupo mchoraji aliyeingia kwenye filamu bila kuacha kuchora, na maisha yake yalikuwaje? – Msomaji, Msasani, Dar es Salaam.

JIBU: Yupo, Ndugu msomaji, naye ni Len Lye, aliyezaliwa mwaka 1901 Christchurch, New Zealand, katika familia maskini iliyofiwa na baba mapema. Tangu ujana alisumbuliwa na jambo moja, yaani namna ya kuufanya mwendo wenyewe uwe sanaa, na sioni kama aliwahi kuliacha. Alifika Sydney, ambako alijifunza kuchora filamu za katuni, kisha akaishi Samoa miongoni mwa wanakijiji hadi utawala wa kikoloni ulipomfukuza. Mwaka 1926 alifika London kwa meli, akilipia safari yake kwa kazi ya makaa ya mawe.

Filamu yake ya kwanza, *Tusalava* ya mwaka 1929, ilijengwa kwa maelfu ya michoro na kumchukua takriban miaka miwili. Baada ya hapo fedha zilikosekana, na hapa ndipo maisha yake yanapokuhusu wewe: kwa kuwa hakumudu gharama za kupiga picha, alitandaza mkanda wa filamu mezani na kuupaka rangi moja kwa moja. Alichora mistari kwa brashi, akaburuta kitana juu ya rangi mbichi ili mawimbi yajitokeze, kisha akaoanisha michoro hiyo na muziki wa dansi wa Kikuba. Idara ya filamu ya Posta ya Uingereza iliikubali kazi hiyo, ikaitoa mwaka 1935 kwa jina *A Colour Box*, na mwishoni yakaongezwa matangazo ya bei za vifurushi. Kwa maoni yangu, hakuna tangazo la posta lililowahi kuchangamka kiasi hicho.

Mwaka 1944 alihamia New York. Huko alikwangua mkanda mweusi kwa ncha kali hadi mistari myeupe ikacheza kwa mdundo wa ngoma za Kiafrika. Kazi hiyo, *Free Radicals*, ilipata tuzo ya pili Brussels mwaka 1958. Ufadhili ulipozidi kuwa mgumu aligeukia sanamu za chuma zinazotikiswa na mota, akaendelea nazo hadi alipofariki mwaka 1980. Kituo chenye jina lake kilifunguliwa New Plymouth, New Zealand, mwaka 2015.

Wanaokutaka uache brashi, basi, hawakushauri vyema. Edward Saidi Tingatinga mwenyewe alianza kwa rangi ya mafuta na silingibodi, vitu vilivyopatikana kwa bei nafuu mjini hapa, na leo simu inaweza kukufaa vivyo hivyo. Ifunge imara juu ya meza, mwanga usibadilike, upige picha ya kila mchoro. Filamu huonyeshwa kwa picha 24 kila sekunde, lakini mchoro mmoja ukiurudia mara mbili, michoro 12 inatosha kwa sekunde moja. Anza na ndege mmoja anayekunja mbawa kwa sekunde tano, yaani michoro 60, na chagua muziki kabla ya kuchora, kama alivyofanya Lye mara nyingi, ili mdundo ukuongoze mbawa zifunguke lini.