Maswali yenu: mawe ya Mazeras, bamvu na delta za kale

Tangu tuzungumzie namna mito inavyojenga delta, yaani ardhi ya mchanga na matope mdomoni mwa mto, wengi mmeuliza bahari yenyewe hufanya nini. Haya majibu.

*Barazani kwangu nimetandika mawe ya Mazeras. Mengine yana vituta kama vya mchanga wa ufuoni. Je, ni alama za maji kujaa na kupwa?* (Msomaji, Kayole)

Maji yalipita hapo, hilo halina shaka. Mawe hayo ni ya kundi la miamba liitwalo Duruma, mashapo (mchanga na matope yaliyoletwa na maji) yaliyotandazwa zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita. Lakini vituta pekee havitoshi. Pitisha kidole juu ya kimoja. Upande mmoja ukiwa mkali na wa pili umelala, maji yalikuwa yakienda upande mmoja, kama mtoni. Pande zikilingana, hayo ni mawimbi, na mawimbi hata ziwani yapo.

Kujaa na kupwa kutafute ubavuni, pale jiwe lilipokatwa. Mkondo ukikimbia huleta mchanga. Maji yakitulia kabla ya kugeuka, matope hutua na kuacha utando mwembamba juu yake. Wakati wa bamvu, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu ambapo maji hujaa na kupwa sana, mkondo una nguvu, tabaka huwa nene. Wakati wa maji mafu, mwezi ukiwa nusu na maji yakijaa na kupwa kidogo, huwa jembamba. Ukikuta matabaka yananenepa na kukonda kwa zamu namna hiyo, unasoma mwendo wa mwezi wa enzi hizo. Kwangu hakuna ushahidi unaopendeza kuliko huo.

*Bahari ikipanda, delta hufa?* (Msomaji, Rongai)

Hutegemea mto unaleta mashapo kiasi gani. Miaka 20,000 hivi iliyopita barafu ilikuwa imezuia maji mengi nchi kavu, na bahari ilikuwa chini kwa mita zipatazo 120. Mito ikachimba mabonde kuufuata ufuo ulioshuka. Barafu ilipoyeyuka, bahari ikayafunika. Hori za bahari za Tudor na Port Reitz kule Mombasa ni mabonde ya aina hiyo. Kasi ya kupanda ilipopungua, kati ya miaka 8,500 na 6,500 iliyopita, ndipo delta nyingi za leo zilipoanza kujengeka.

Kwenye mwamba, bahari ikishinda utakuta matope ya baharini juu ya mchanga wa mto. Mto ukishinda, mchanga hulala juu ya matope. Tahadhari: mchanga kuja juu hakumaanishi lazima kwamba bahari ilishuka. Huenda mto uliongeza mzigo tu, bahari ikiwa palepale au hata ikipanda polepole. Msikubali hukumu inayotokana na genge moja la mwamba. Linganisheni na mengine.

*Naweza kuona miamba ya delta hapa Nairobi?* (Msomaji, Umoja)

Hapana, jiji limekaa juu ya miamba ya volkano. Lakini udongo wetu unasafiri: Mto Nairobi huingia Athi, Athi huwa Galana, kisha Sabaki, na mzigo hutuliwa baharini kaskazini mwa Malindi. Nenda msimu wa mvua uone maji ya bahari yalivyobadilika kuwa ya kahawia.