Benchi ya magurudumu yenye droo: anza kuangalia chini, droo zitafuata

Ndugu yetu wa Likoni, hapa Mombasa, ameuliza anunue benchi gani ya karakana ya nyumbani, yenye magurudumu na droo za kutia vyombo vya kazi. Yuko na kibaraza cha mita 3 kwa 4, usiku pikipiki nayo yalala humo humo, kazi zake ni mbao kidogo na kufungua injini za pikipiki. Ameona mbili, moja ya bati imetoka ng'ambo ina droo tisa, na ya pili fundi wa kuchomelea amemwambia atamtengenezea. Wengi mumemjibu achukue ile ya droo tisa. Mimi naona sivyo, na nitaeleza kwa urefu kwa sababu nshamiliki zote mbili na ile ya kwanza ilimuumiza mtu nyumbani kwangu.

Mimi niko Tudor, karibu na maji. Mwaka 2017 n'linunua benchi ya bati iliyotumika, imeshuka na kontena, inchi 46, rangi nyeusi yang'aa, droo ukizigusa kwa kidole kimoja zaja zenyewe. Nikavuta droo moja moja, nikazihesabu, nikalipa. Sikuinama hata mara moja kuangalia imesimamia nini. Ilikuwa yasimamia magurudumu ya inchi 3, mawili yana breki, na breki zenyewe zashika gurudumu lisizunguke lakini shingo, yaani chuma kinacholishika gurudumu chini ya benchi, yaendelea kuzunguka. Sasa ua wangu umemwagwa saruji yenye mteremko ili maji ya mvua yaende mtaroni, kama nyumba nyingi za huku. Nikianza kupiga randa benchi yazunguka mahali pale pale kama mtu ageukae kitandani, nikitia kabari ya mbao chini yatulia kidogo halafu yaanza tena. Nikavumilia miezi kadhaa hivyo. Siku moja twaisogeza mimi na mtoto wa dada yangu, gurudumu la mbele likaingia kwenye ufa kati ya saruji na mtaro, benchi ikasimama ghafla, na kwa vile droo zile hazikuwa na ulimi wa kuzizuia zisifunguke, zile za juu tatu zilizojaa spana zikatoka zote kwa pamoja, uzito ukaja mbele, ikalala kifudifudi. Jiliwa, kile chuma cha kubania kazi juu ya benchi, ikampata kijana mguuni, akashonwa nyuzi nne. Alhamdulillahi haikuwa zaidi. Tangu siku ile mtu akiniuliza benchi ya magurudumu namwambia ainame kwanza.

Basi tuanze huko chini. Chukua pima maji uweke kwenye sakafu ya kibaraza chako, halafu utafute nyufa, kizingiti, mtaro, kila pahali gurudumu litapita. Sakafu ya tailzi iliyonyooka inchi 3 au 4 itakwenda, lakini saruji ya uani yenye mashimo usichukue chini ya inchi 5, maana gurudumu dogo huanguka kwenye ufa na kubwa hupita juu yake, na ndiyo tofauti yote. Uzito pia upigie hesabu. Benchi tupu tuseme kilo 80, vyombo 100, jiliwa 15, injini utakayoiweka juu na takataka nyengine 50, jumla 245. Watu hugawanya kwa nne. Usigawanye kwa nne, gawanya kwa tatu, kwa sababu sakafu ikiwa haijanyooka wakati wowote gurudumu moja liko hewani na matatu ndiyo yabeba. Hapo yatoka kama kilo 82 kila moja, kwa hivyo nunua yaliyoandikwa kilo 100 au zaidi. Na uangalie yameshikwa vipi, yale ya bamba lenye tundu nne za bolti ndiyo yafaa, yale ya msumari mmoja unaochomekwa ndani ya mguu hupinda, nimeona mengi. Fundi akitaka kulichomelea gurudumu moja kwa moja kwenye mguu mkatalie, achomelee bamba halafu wewe ufunge kwa bolti, siku likiharibika walifungua na spana dakika tano umemaliza.

Breki, utake ile ya kushika gurudumu na shingo kwa pamoja. Ukikanyaga halafu ukijaribu kuipindisha benchi kwa mkono haigeuki, hiyo ndiyo yenyewe. Mawili yawe ya kuzunguka yenye breki hiyo na mawili ya upande mwengine yawe yameganda, yaenda mbele na nyuma tu, utaona kuisukuma kwenye mstari ni rahisi kuliko yote manne yakizunguka kila moja na njia yake. Lakini nikwambie kweli yakhe, hata breki nzuri hazitoshi kwa randa wala kwa kufungua nati ya injini iliyoganda. Mimi kwenye benchi ya pili n'lichomelea nati za M16, yaani za bolti nene ya milimita 16, kwenye pembe nne za chini, nikapitisha bolti ndefu zenye kichwa chini. Nikitaka kazi nzito nazizungusha na spana mpaka magurudumu yanyanyuke kidogo kabisa, benchi yasimama kwa miguu yake na mteremko wote wa ua nimeusawazisha hapo hapo. Dakika mbili tu. Sijaona benchi ya dukani iliyonipa raha kama hizo bolti nne.

Kuhusu mpira wa gurudumu, yale mekundu au ya manjano laini ya poliyurethani yaenda vizuri bila kelele, ila kuna aina ambayo joto na unyevunyevu huila, likikaa miaka godauni laanza kukatika vipande vipande kama biskuti. Libonyeze kwa ukucha kabla ya kununua, likiacha alama ya ufa liache. Nailoni ina kelele lakini hapa kwetu yadumu.

Haya, droo. Hizi ndizo watu hulipia pesa nyingi, na kweli fundi wa kuchomelea wa kawaida hawezi kukutengenezea droo nzuri, hapo wale wa kiwandani wana haki yao. Vuta droo mpaka mwisho, ishike ncha uisukume upande upande, ikicheza sana reli ni nyepesi. Reli za beringi nzuri huandikwa kilo 45 hivi kwa droo. Bonyeza sakafu ya droo kwa kidole gumba, ikiingia ndani na kurudi kwa mlio hiyo bati ni nyembamba, spana zikijaa italala na itakwaruza droo ya chini yake. Uulize kama ina ulimi wa kuizuia isijifungue wakati wa kusukuma, na kama ukifungua moja nyengine zinajifunga, kuna zilizo na mtambo huo na ndio ungemnusuru kijana wangu. Usipoupata basi vitu vizito vyote viweke chini kabisa, juu uweke kekee, bisibisi, msasa, vitu vya mkono. Na idadi isikudanganye, droo tisa ambazo saba ni za kimo cha sentimita 5 hazitakuingizia hata grinda ya inchi 4 na nusu. Pima chombo chako kinene zaidi kwanza. Mimi natumia droo tano na moja bado ina nafasi.

Kutu sasa. Hili ndilo linaniuma zaidi kwa sababu watu husoma maelezo ya mabenchi yaliyoandikwa na watu wa Marekani wanaokaa mbali na bahari kisha waja kushangaa. Chumvi ya hewani hutua juu ya chuma, na chumvi hunyonya maji, kwa hivyo hata siku hujaona mvua lile bati limelowa kidogo kidogo usiku kucha. Kipindi cha kusi ndio balaa. Benchi yangu ya kwanza rangi ya mbele ilibaki nzuri mpaka nilipoiuza, lakini pale bati lilipokunjwa chini ya kila droo, rangi haikufika ndani, kutu ilianzia huko na reli zikaanza kukwama kabla mwaka kwisha. Kwa hivyo ukienda kuangalia ile ya droo tisa, toa droo moja nzima uipindue, pitisha kidole kwenye mikunjo. Ukiona unga wa rangi ya kahawia sasa hivi, ukishaivusha na feri mpaka Likoni itazidi tu. Ndani ya droo usiweke sponji wala gazeti, vyote hushika maji, weka mpira mwembamba. Kila Ijumaa baada ya swala mimi napitisha kitambaa chenye mafuta ya mashini kwenye spana na kwenye reli, robo saa tu, na spana za marehemu baba mpaka leo zina alama zake za kiwandani zasomeka.

Ubao wa juu wa zile za ng'ambo mara nyingi ni mbao ya kugandishwa ya unga, maji yakiingia pembeni yavimba na hairudi tena. Mimi nimeweka plaiwudi ya majini mbili za milimita 18, gundi katikati, skrubu kutoka chini, na pembeni zote nimepaka vanishi mara tatu. Ukiwa na uwezo ubao wa mbambakofi hakuna mfano wake, lakini bei na uzito wake huo. Kitu kimoja wengi husahau, ubao utokeze nje ya kabati sentimita 8 hivi mbele na ubavuni, la sivyo klampu haina pa kushika na wewe kazi yako ni mbao. Jiliwa ifunge kwenye pembe juu ya mguu, upande wa magurudumu yaliyoganda.

Umeme nitasema haraka lakini tafadhali usilipite. Benchi nyingi kutoka Marekani zina soketi zimejengewa ubavuni, tundu bapa mbili na la tatu la mviringo, na hizo ni za volti 120. Sisi hapa ni 240. Kuna mtu atakwambia badilisha plagi tu, usimsikize. Itoe yote, fundi wa umeme akuwekee soketi zetu za ampia 13, na benchi yenyewe kwa vile ni chuma na wewe huenda umesimama pekupeku kwenye saruji iliyolowa, awekee waya wa ardhi kwenye fremu. Na ukichomelea siku yoyote juu ya benchi, kibano cha ardhi cha welda kishike kazi yenyewe, kisishike fremu, maana umeme ukipita kwenye beringi za reli na za magurudumu huzichoma zikawa na vishimo.

Kwa hivyo mimi kwako wewe ningefanya hivi. Fremu mpe fundi, skwea tyubu ya milimita 40 kwa 40, unene wa milimita 2, urefu sentimita 120, upana 60, mwambie achomelee kila kiungo mzunguko mzima wala si vidoto vidoto, na ncha za tyubu azizibe, maana chumvi ikiingia ndani yala kutoka ndani na wewe huoni. Redoksaidi kwanza, ile rangi ya chini ya kuzuia kutu, halafu rangi mara mbili. Kabati ya droo tano nunua peke yake bila magurudumu, hata iliyotumika, iingie nusu moja ya chini, nusu ya pili iache wazi uweke kompresa au trei ya kumwagia oili. Kimo, na hapa fundi wangu alinikosea, n'limwambia sentimita 90 akakata miguu 90 halafu akafunga magurudumu. Gurudumu la inchi 5 na shingo na bamba lake ni kama sentimita 16, nikapata meza ya kifuani, ikabidi ikatwe upya na rangi ipakwe upya. Mwambie kimo cha mwisho kutoka sakafuni mpaka juu ya ubao, na umuandikie kwenye karatasi. Simama wima mikono ikining'inia, pale kifundo cha mkono kilipo, yaani kiganja kinapokunjika, ndio kimo cha randa. Kwangu yatoka 86.

Ukiamua ile ya ng'ambo bado, sikukatazi, lakini badilisha magurudumu siku ile ile kabla hujaijaza, na toa droo zote uzisafirishe peke yake, kabati tupu ndiyo ipande mkokoteni mpaka ferini, maana pale kwenye mteremko wa kushukia feri, benchi ikiwa nzito hamali wawili hawaizuii. Na mlango wako wapime upana kabla hujalipa, pamoja na vishikio vya droo. Ukishapima mteremko wa sakafu na mlango niandikie hapa vipimo, nitakuchorea fremu na pahali pa kila bolti.