Wasukuma Gari

Pasua, Moshi

Mwanangu, mama yangu mdogo,

Sauti uliyonitumia WhatsApp nimeisikiliza mara tatu, mpaka mama yako akaniuliza kama kuna msiba. Unasema kiwanda chenu cha maziwa hapo Sakina, Arusha, kina wafuasi 23,000 Instagram, mnaposti kila siku, laiki zinamiminika, ila mtindi unarudi kutoka madukani tarehe zimepita. Ukauliza: "Baba, wewe uliyeendesha kampeni za udiwani, wanasiasa wanawatoaje watu nyumbani kwenda kupanga foleni juani, na sisi kuwafikisha dukani tu kunatushinda?"

Wanasiasa wengi nao kunawashinda, mama. Mwaka 1995 Mrema alipogombea urais kwa NCCR-Mageuzi, vijana walisukuma gari lake kwa mikono, mafuta tele kwenye tanki. Huku kwetu ukithubutu kusema atashindwa, hukupata mtu wa kukuuzia hata kiberiti. Matokeo yakatoka: yeye asilimia 27.8, Mkapa wa CCM 61.8. (Uchaguzi wa Dar ulifutwa ukarudiwa, na ubishi wake haujaisha, lakini hayo tuyaache.) Laiki zako ndizo wale wasukuma gari. Wanakupenda kweli, sikatai. Tatizo ni kwamba hakuna aliyewapa kazi nyingine ya kufanya.

Mimi mwenyewe nililijua hilo kwa aibu. Mwaka 2000 tulikodi lori, spika mbili, ngoma, tukagawa fulana na kofia. Uwanja ukajaa. Tukaangukia pua. Wiki mbili baadaye nikamkuta mzee mmoja anapalilia mahindi amevaa fulana yetu, nikashindwa kujizuia, nikamuuliza kura alimpa nani. Akanijibu bila kuinua jembe: "Mwalimu, fulana ni nzuri. Ila yule mwingine, shemeji yangu ndiye aliyekuja kuniombea." Ndiyo maana niliposikia mnagawa zawadi kwa atakayeshea tangazo, nilicheka peke yangu.

Mwaka 2005 tukafanya vingine. Tukakumbuka mabalozi wa nyumba kumi, ule utaratibu wa tangu enzi za TANU, ambao watu wanaudharau siku hizi. Hatukutafuta wasemaji. Tulitafuta watu ambao tayari wanasikilizwa bila kipaza sauti: muuza ndizi wa Mbuyuni, fundi cherehani, mama mmoja mshika fedha wa upatu. Kila mmoja akapewa daftari la shule lenye nyumba zake kumi, na alama tatu tu: yupo, hayupo, bado. Jioni sikuwauliza "hali ikoje?" maana jibu la hilo siku zote ni "nzuri". Niliuliza "leo umeongea na nani, na amesemaje?" Yule mama wa upatu hakuwa na hata neno moja la siasa. Alikuwa anawaambia wenzake, "Huyu atatengeneza ile kalvati inayotumwagia maji ndani," basi. Maneno yake, siyo yetu. Tulishinda kwa kura chache, na mgombea mpaka leo anaamini zilikuwa hotuba zake.

Sasa huyo Obama wenu. Watu husema alishinda 2008 kwa Facebook, na kweli Chris Hughes, mmoja wa waanzilishi wa Facebook, alifanya kazi kwenye kampeni ile. Lakini tazama tovuti yao wenyewe ilivyofanya kazi. Mfuasi akijiunga, hakuachwa kutazama picha. Angeweza kuitisha kikao nyumbani kwake, kuunda kundi la mtaa, kuchangisha kwa rafiki zake, kuchukua orodha ya namba za kupigia. Waliojiunga walifika kama milioni 2, na mikutano iliyopangwa kupitia hapo kama 200,000. Mimi hesabu ya kwanza hainishtui. Ya pili ndiyo ile ya muuza ndizi wangu, wamempa tu daftari la umeme.

Kabla yake alikuwepo Howard Dean, aliyetafuta kugombea urais wa Marekani kwa chama cha Democratic. Mwaka 2003 watu walimiminika kwake kupitia Meetup, mtandao wa kupangia mikutano ya ana kwa ana, kuliko kwa wenzake wote. Januari 2004 kule Iowa, jimbo la kwanza kwenye mchujo, akawa wa tatu. Maelfu ya vijana wake walitoka majimbo mengine, kofia za rangi ya chungwa kichwani, wakigonga milango ya watu wasiowajua. Sisemi kofia ndizo zilizomwangusha, yapo mengine. Ila mgeni mwenye kofia na shemeji siyo sawa.

Kuna jambo jingine, na hili ni lako wewe mkurugenzi, siyo la yule kijana mliyempa simu na bando akawaendeshee ukurasa. Katikati ya 2008 wafuasi wa Obama walimgeuka humo humo kwenye tovuti yake, kwa sababu ya sheria ya kusikiliza simu za watu na kuzikinga kampuni za simu zisishtakiwe. Kundi lao lilipita watu 20,000. Hawakufutwa. Aliwajibu kwa barua ndefu yenye jina lake, akawaambia anajua hawatapenda, na Julai akaipigia sheria ile kura ya ndiyo, kinyume na walivyomwomba. Wengi walinuna, lakini kundi lilibaki pale pale. Wewe umeniambia mwenyewe kwamba komenti mbaya mnazifuta kabla ya saa nne asubuhi. Mama, huyo anayelalamika ndiye aliyenunua! Wasukuma gari hawajui hata mtindi wenu una ladha gani.

Usituige sisi kwa kila kitu, lakini. Kampeni ina siku ya mwisho. Mgombea akishapata, unamwona tena baada ya miaka mitano, na kalvati ile, nikwambie ukweli, ilitengenezwa nusu. Wewe mteja wako anapiga kura kila asubuhi akifungua friji ya dukani.

Kwa hiyo acha kwanza kutafuta kufikisha wafuasi 24,000. Nitafutie ishirini: mama ntilie wa Kilombero, mwalimu wa chekechea Kijenge, mwenye duka Unga Limited anayekopesha nusu ya mtaa. Usiwaandikie cha kusema. Waulize wanamjua nani asiyekunywa mtindi wenu, na kwa nini.

Alhamisi nakuja na basi la asubuhi, daftari la 2005 bado ninalo, nitakuletea ulione. Na yule mama wa Ngaramtoni aliyeandika kwamba vifuniko vinavuja, umeshampigia?

Baba yako